Programu inasoma orodha ya maneno 400 kutoka kwenye faili, lakini inalitambua neno la mwisho tu

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za kazi. Nimekwama kwa siku mbili kwenye jambo ambalo nilidhani lingenichukua robo saa, na kwa kuwa nimeona wengi wakilikwaa na kuliacha njiani, naomba tulijadili hapa kwa utulivu hadi lieleweke.

Ninaandika programu ndogo ya kukagua tahajia, kwa lugha ya C. Nina faili la maandishi lenye maneno 400 ya Kiswahili yaliyopangwa kwa alfabeti, neno moja kwa kila mstari, kuanzia "abiria" hadi "zulia". Mtumiaji anaandika neno kwenye kibodi, nami nalipokea kwa scanf. Kisha programu inafungua faili, inasoma mstari mmoja baada ya mwingine, na kila mstari inaulinganisha na neno lile. Likipatikana, inajibu kwamba limo. Lisipopatikana, inajibu kwamba halimo.

Mara ya kwanza nililinganisha kwa alama mbili za usawa, yaani `mstari == neno`, na programu haikutambua neno hata moja. Nikasoma kwamba katika C stringi, yaani mfuatano wa herufi, hulinganishwa kwa strcmp, nikabadilisha, na sasa sehemu yenyewe iko hivi:

```
char mstari[16];
while (fgets(mstari, 16, faili) != NULL) {
    if (strcmp(mstari, neno) == 0)
        limo = 1;
}
```

Matokeo yake ndiyo yanayonishangaza. Nikiandika "kitabu", halimo. Nikiandika "mlango", halimo. Nikiandika "zulia", limo. Nimefungua faili na kulikagua herufi kwa herufi: "kitabu" limo, limeandikwa vizuri, halina nafasi mbele wala nyuma. Nimechapisha kila mstari kwenye skrini kabla ya kuulinganisha, na yote inasomeka kama inavyotakiwa. Neno la mwisho lina nini ambacho mengine 399 hayana?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umefanya vyema sana kutaja kwamba neno la mwisho ndilo linalokubali, kwa sababu dalili hiyo peke yake inatosha kuonyesha kosa lilipo. Wengi huandika tu kwamba programu haifanyi kazi, wakatuacha tukipapasa gizani.

Nianze na lile jaribio lako la kwanza. Katika C, jina la safu ya herufi likitumika kwenye ulinganisho humaanisha anwani yake katika kumbukumbu, yaani mahali herufi ya kwanza inapokaa. Ulipoandika `mstari == neno` hukuiuliza kompyuta kama herufi zinafanana; uliiuliza kama vitu hivyo viwili vinakaa mahali pamoja. Vinakaa sehemu mbili tofauti, kwa hiyo jibu lilikuwa hapana, na lingekuwa hapana daima hata kama faili lingekuwa na neno moja tu. strcmp ndiyo inayotembea herufi kwa herufi hadi ikute tofauti au ifike mwisho, na ikikuta zote ni sawa hurudisha 0. Hiyo 0 nayo huwachanganya wanaoanza, kwa kuwa katika C 0 ndiyo "si kweli"; anayeandika `if (strcmp(mstari, neno))` anapata kinyume cha alichokusudia. Wewe umeandika sawasawa.

Sasa neno la mwisho. fgets husoma mstari pamoja na alama ya mstari mpya inayoumaliza, na haiitupi. Kwa hiyo ukisoma mstari wa "kitabu", unachokipata kwenye kumbukumbu ni namba hizi:

```
107 105 116 97 98 117 10
```

Sita za mwanzo ni k, i, t, a, b, u. Ya saba, 10, ni ile alama inayoandikwa `\n`. Neno lililopokelewa na scanf halina hiyo 10, kwa sababu scanf ikitumiwa na `%s` huishia pale inapokuta nafasi au mstari mpya na kuuacha nje. Upande mmoja una namba saba, upande wa pili una sita, na strcmp kwa haki kabisa inasema si sawa. Ulipochapisha mistari kwenye skrini, ile 10 ilionekana kama kushuka mstari, jambo ambalo jicho hulichukulia kuwa la kawaida.

"zulia" ndilo lililofunga faili, na aliyeliandika hakubonyeza Enter baada yake. Mstari huo hauna 10 mwishoni, basi namba tano kwa tano zikalingana. Ungebonyeza Enter mara moja mwishoni mwa faili, hata "zulia" lingekataa.

Dawa ni kuiondoa alama hiyo mara tu baada ya kusoma:

```
mstari[strcspn(mstari, "\n")] = '\0';
```

strcspn huhesabu herufi ngapi zinapita kabla ya kuikuta `\n`. Ikiikuta, tunaweka mwisho wa stringi hapo; isipoikuta, inarudisha urefu wote, na tunaweka mwisho mahali ambapo tayari ni mwisho, bila madhara. Utaona watu wengine wakikata herufi ya mwisho bila kuangalia ni ipi. Tafadhali usifanye hivyo. Mistari 399 itapona, na "zulia" litageuka kuwa "zuli".

Mwanzisha uzi

Ahsante sana mkuu, maelezo yameniingia, na hasa hizo namba saba dhidi ya sita. Niliweka mstari ule wa strcspn na maneno yote 400 yakatambuliwa.

Furaha hiyo hata hivyo haikudumu. Mwenzangu alilichukua faili, akaongeza maneno 30 katikati kwa programu nyingine ya kuandikia, akanirudishia. Kwenye kompyuta yangu ya Windows karibu yote yakaendelea kutambuliwa. Kisha nikaihamisha programu kwenye kompyuta ya Linux, nikaikusanya (compile) upya pale bila kubadilisha hata nukta, na hali ikarudi ileile ya mwanzo: kila neno linakataa, "zulia" linakubali.

Kuna jambo jingine ambalo sikulielewa hata kidogo. Ili nione kama kuna nafasi zilizojificha, nilichapisha kila mstari ndani ya mabano ya mraba kwa `printf("[%s]\n", mstari)`. Nilitarajia kuona `[kitabu]`. Kwenye skrini ya Linux nikaona hivi:

```
]kitabu
```

Bano la kufungua limepotea, na la kufunga limekaa mwanzoni. Nimerudia mara nyingi nikidhani nimeandika vibaya.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kosa ni langu, na naomba radhi. Nilikupa dawa ya alama moja nikasahau kwamba katika dunia ya mafaili mwisho wa mstari una sura zaidi ya moja.

Mambo haya yalianzia kwenye mashine za kuchapa zilizounganishwa kwa waya, kabla ya skrini. Kuanza mstari mpya kulihitaji vitendo viwili: kukirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari, na kuisogeza karatasi juu hatua moja. Kila kitendo kilikuwa na alama yake, na zote mbili ziliingia katika ASCII, jedwali la namba za herufi la mwaka 1963: namba 13, tunayoiandika `\r`, ni kurudi mwanzo, namba 10, tunayoiandika `\n`, ni kushuka. Waliotengeneza Unix waliona 10 peke yake inatosha ndani ya faili. Windows ilirithi desturi ya kuandika zote mbili, 13 kisha 10. Kompyuta za Macintosh za zamani zilitumia 13 peke yake, hadi Mac OS X ilipokuja mwaka 2001 na kufuata njia ya Unix.

Programu ya C kwenye Windows ikifungua faili kwa hali ya maandishi, maktaba ya mfumo huigeuza ile jozi 13 na 10 kuwa 10 moja kabla haijakufikia. Ndiyo maana kwako haikuonekana. Linux haifanyi ubadilishaji huo: inakukabidhi baiti, yaani zile namba zilizomo ndani ya faili, kama zilivyo. Dawa yangu ikaondoa 10, na 13 ikabaki imeng'ang'ania mwishoni mwa neno.

Bano lako lililohama ndilo shahidi. Skrini ilichapisha `[kitabu`, ikakutana na 13, ikakirudisha kiashiria mwanzoni mwa mstari kama mashine za zamani zilivyofanya, kisha ikachapisha `]` juu ya `[`. Yeyote atakayeona maandishi yake yakijifuta mwanzoni namna hiyo ajue mara moja kwamba kuna `\r` ndani.

Marekebisho ni madogo:

```
mstari[strcspn(mstari, "\r\n")] = '\0';
```

Sasa strcspn inasimama kwenye alama yoyote kati ya hizo mbili itakayotangulia. Acha hivyo hata kwenye Windows. Haidhuru, na itakulinda siku faili litakapohama.

Nakusihi pia uache kuliamini jicho. Skrini imetengenezwa ili kumfurahisha msomaji, si kumweleza kilichomo. Kwenye Linux tumia `od -c`, inayoonyesha kila baiti ikiwa peke yake, au `cat -A`, inayoonyesha `\r` kama `^M` na mwisho wa mstari kama `$`.

Mwanzisha uzi

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Maneno niliyoyajaribu yanatambuliwa, limebaki moja: "abiria", la kwanza kabisa kwenye faili. Nimerudi kwenye Windows kulijaribu, na huko pia linakataa. Sikuwa nimelijaribu tangu faili lirudi. Safari hii sikuliangalia kwa macho. Nimetumia `head -n 1 maneno.txt | od -c`, na haya ndiyo yaliyotoka:

```
0000000 357 273 277   a   b   i   r   i   a  \r  \n
0000013
```

Hizo namba tatu kabla ya herufi a sikuziandika mimi, na mwenzangu ameniapia kwamba hakuziandika yeye.

Mchangiaji wa pili

Mwenzako anasema kweli. Zimeandikwa na programu aliyotumia. od huonyesha namba kwa msingi wa nane, na 357 273 277 ni baiti EF BB BF kwa msingi wa kumi na sita. Huo ndio utambulisho ambao baadhi ya programu huuweka mwanzoni mwa faili la UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti. Asili yake ni mifumo ya kuhifadhi herufi kwa baiti mbilimbili, ambako alama hiyo humwonyesha msomaji kama baiti kubwa inatangulia au inafuata. Katika UTF-8 mpangilio wa baiti ni mmoja tu, kwa hiyo alama haina kazi hiyo, lakini Notepad ya Windows kwa miaka mingi iliiweka kila ulipochagua UTF-8. Kuanzia toleo la 1903 la Windows 10 imeacha kuiweka bila kuombwa, ila mafaili ya zamani yapo tele na programu nyingine bado zinaiweka.

Katika C unaiondoa hivi, kwa mstari wa kwanza pekee:

```
if (strncmp(mstari, "\xEF\xBB\xBF", 3) == 0)
    memmove(mstari, mstari + 3, strlen(mstari + 3) + 1);
```

Anayetumia Python ana njia rahisi zaidi: afungue faili kwa `encoding="utf-8-sig"`, na alama ikiwepo itaondolewa, isipokuwepo hakuna kitakachoharibika. Asidhani kwamba `strip()` itamsaidia. Python huihesabu alama hiyo kuwa herufi kama nyingine, haiihesabu kuwa nafasi, na vivyo hivyo Java. Katika JavaScript mambo ni kinyume, `trim()` huiondoa. Mtu aliyejifunza kwenye lugha moja akihamia nyingine anaweza kupoteza siku nzima hapo.

Weka dalili hizi mbili kichwani, maana zinatenganisha matatizo vizuri: mstari wa mwisho tu ukikubali, tazama mwisho wa mistari, mstari wa kwanza tu ukikataa, tazama mwanzo wa faili.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, naomba niingize swali la Java kwa kuwa ni la ukoo mmoja na hili. Nina programu inayosoma amri kutoka kwenye faili, na ikikuta mstari wenye neno "mwisho" inatakiwa isimame. Nimeandika `if (mstari == "mwisho")`. Nilipoijaribu kwanza kwa kuweka `String mstari = "mwisho";` ndani ya programu yenyewe, ilisimama vizuri. Nilipoanza kusoma kutoka kwenye faili kwa BufferedReader, haisimami. Nimehakikisha faili halina `\r` wala ile alama ya mwanzo.

Mchangiaji wa kwanza

Kwako wewe faili halina kosa, na readLine ya BufferedReader huondoa mwisho wa mstari wa aina zote tatu kabla ya kukupa stringi. Kosa liko kwenye `==`.

Kiswahili kina maneno mawili yanayolieleza jambo hili vizuri: *ileile* na *zinafanana*. Mimi na wewe tukiwa na nakala mbili za kitabu kimoja, maandishi yake yanafanana kutoka jalada hadi jalada, lakini kitabu chako si kilekile nilicho nacho mimi; ukikichana chako, changu kipo salama. Katika Java, `==` kati ya stringi mbili huuliza "je, ni ileile?", na `equals` huuliza "je, zinafanana?". Unaposoma faili, karibu mara zote swali lako ni la pili.

Jaribio lako la kwanza lilikupa faraja ya uongo, kwa sababu Java huhifadhi stringi zilizoandikwa moja kwa moja ndani ya programu mahali pamoja, na zinazofanana huzifanya kuwa kitu kimoja. "mwisho" uliyoiweka kwenye kigeu na "mwisho" uliyoilinganisha nayo zilikuwa ileile. Stringi inayotoka kwenye faili hutengenezwa upya wakati programu inaendelea, basi inafanana na ile nyingine bila kuwa ileile. Kwa maoni yangu kosa hili ni baya kuliko makosa yanayojitokeza kila wakati, maana linapita majaribio yote madogo na kusubiri data halisi.

Andika `"mwisho".equals(mstari)`, kwa mpangilio huohuo. Faili likiisha, readLine hurudisha null, yaani hakuna stringi, na ukiwa umesahau kulikagua hilo, `mstari.equals(...)` itaiangusha programu, ilhali mpangilio niliouandika utajibu tu kwamba si sawa.

Wanaotumia Python wana mtego wa namna hiyohiyo, ila kwao alama zimegeuka: `==` hulinganisha maandishi, na `is` ndiyo huuliza kama ni ileile. Python nayo, mtu akipitia faili mstari kwa mstari, huacha `\n` mwishoni, kwa hiyo atumie `mstari.rstrip("\n")`, na akitaka kuona kilichomo kweli, achapishe `repr(mstari)` badala ya mstari wenyewe.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma yote, na kwa heshima naona mnazunguka mno. Mimi nikisoma mstari wowote hukata nafasi zote mbele na nyuma, kisha nageuza herufi zote kuwa ndogo, ndipo nalinganisha. Sijapata tatizo.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, njia hiyo inafaa kwa orodha ya maneno ya kawaida, na sikukatazi. Ila ni uamuzi kuhusu maana ya "sawa", na uamuzi huo unapaswa kufanywa kwa kujua. Mstari ukiwa na nywila, nafasi ya mwisho inaweza kuwa sehemu yake. Faili likiwa limepangwa kwa safu za upana maalumu, herufi kumi za mwanzo kwa jina na tano kwa namba, ukikata nafasi za mbele unasogeza safu zote.

Hata "nafasi" yenyewe haikubaliani kila mahali. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti huja mara nyingi na nafasi isiyokatika, U+00A0 (namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za lugha zote), ambayo machoni haina tofauti na ile ya kawaida. `strip()` ya Python huiondoa. `trim()` ya Java haiiondoi, na hata `strip()` iliyoletwa na Java 11 mwaka 2018 inaiacha, kwa sababu Java haiihesabu kuwa nafasi nyeupe.

Kugeuza herufi kuwa ndogo nako kuna masharti. Kompyuta iliyowekewa lugha ya Kituruki, `toLowerCase()` ya Java hugeuza I kubwa kuwa ı isiyo na nukta, kwa sababu Kituruki kina i mbili. Neno "MWISHO" halitafanana tena na "mwisho", na aliyeandika programu hatawahi kuliona kosa hilo kwenye kompyuta yake. Kwa maneno ya amri, taja wazi `toLowerCase(Locale.ROOT)`.

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa mjadala huu, na "abiria" sasa linatambuliwa. Nimekuja na neno jingine: "ng'ombe". Kwenye faili limo, nikiliandika kwenye kibodi linakataa. Vivyo hivyo "ng'ambo" na "ng'aa". Maneno yenye "ng" bila kibainishi, kama "ngoma", hayana shida. Nimeshapitisha `od -c`, na mahali pa kibainishi naona 342 200 231.

Mchangiaji wa pili

Hili ndilo ninalotamani kila anayeandika programu za Kiswahili alijue, kwa sababu mafunzo mengi ya lugha nyingine hayaligusi, na sisi linatugusa kila siku.

Kibodi yako ukibonyeza kibainishi inatoa U+0027, baiti moja tu, 27 kwa msingi wa kumi na sita. Programu ya mwenzako ya kuandikia hubadilisha kibainishi hicho yenyewe kuwa alama ya nukuu iliyopinda, ’ yaani U+2019, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu: E2 80 99. Hizo ndizo 342 200 231 ulizoziona. Neno lako la kibodi lina baiti saba, la kwenye faili lina tisa. Wapo pia wanaotumia U+02BC, ambayo Unicode imeiweka kati ya herufi, na ukibahatika vibaya utaikuta U+2018 inayopinda upande wa pili, kwa kuwa programu ilidhani nukuu inafunguliwa. Zote nne mwanadamu anazisoma "ng'ombe" bila kusita.

Watakushauri utumie usawazishaji wa Unicode. Usawazishaji una kazi yake: é inaweza kuwa herufi moja, U+00E9, au e ikifuatwa na alama ya mkazo U+0301, kwa hiyo jina José linaweza kuwa na baiti tano au sita, na NFC, aina mojawapo ya usawazishaji huo, huziunganisha sura hizo mbili kuwa moja. Lakini NFC haigusi vibainishi vyetu, kwa sababu kwa Unicode hizo ni alama nne zenye maana tofauti. Sisi ndio tunaojua kwamba ndani ya ng' ni kitu kimoja. Basi andika mwenyewe fanksheni inayobadilisha U+2018, U+2019 na U+02BC kuwa U+0027, na uipitishe pande zote mbili: mstari uliosomwa kwenye faili na neno lililoandikwa na mtumiaji. Ukisafisha upande mmoja tu, siku mtumiaji atakapobandika neno kutoka kwenye hati nyingine, utarudi hapahapa.

Naongeza kwamba usafishaji wote ukae mahali pamoja. Mwisho wa mstari, alama ya mwanzo wa faili, vibainishi: viwe ndani ya fanksheni moja inayoitwa mara tu mstari unapoingia, ili sehemu nyingine zote za programu zishike maneno yaliyokwisha kusafishwa. Nimewahi kurithi programu ambayo kila fanksheni ilikuwa ikikata alama zake yenyewe, nyingine ikikata `\n`, nyingine `\r\n`, nyingine ikikata herufi ya mwisho kwa kubahatisha, na kuipanga upya kulinichukua muda mrefu kuliko kuiandika kutoka mwanzo.

Mchangiaji wa tano

Nimechelewa kuingia, ila nikirudi kwenye msimbo wa kwanza wa mwanzisha uzi, naona kitu ambacho hakijaguswa. Safu yake ni `char mstari[16]`, na fgets anaipa 16. Maana yake inasoma herufi 15 tu kwa mara moja, na nafasi ya 16 ni ya kufunga stringi. Kiswahili kina vitenzi virefu. Mkuu, kwenye maneno yaliyoongezwa na mwenzako, hakuna lenye zaidi ya herufi 15? Hebu mwombe mtumiaji wa programu yako aandike "sha", uone itajibu nini.

Mwanzisha uzi

Nimejaribu. Imejibu kwamba "sha" limo.

Kwenye faili kuna "tutakapowakumbusha", herufi 18. fgets ilisoma "tutakapowakumbu", ikaishia hapo kwa kujaa, na mzunguko uliofuata ukaanza pale ilipoachia, ukachukua "sha" na mwisho wa mstari kama neno jipya. Kwa hiyo neno zima linakataliwa, na kipande chake kinakubaliwa. Sikuwahi kuliona kwa sababu nilikuwa nikitafuta maneno yanayokataliwa, na sikuwaza kutafuta yasiyotakiwa yanayokubaliwa.

Mchangiaji wa tano

Ndivyo hasa. Na angalia pia neno lenye herufi 15 kamili: linaingia lote, alama ya mstari mpya inabaki nje, na mzunguko unaofuata unaipata peke yake, ambayo ukishaisafisha ni neno tupu.

Una njia mbili. Kwenye Linux tumia getline, iliyoingizwa katika POSIX (kanuni za mifumo ya aina ya Unix) ya mwaka 2008, ambayo hupanua kumbukumbu yenyewe kadiri mstari unavyohitaji. Usisahau tu kuiachia kumbukumbu hiyo kwa free mwishoni. Ukitaka programu ikusanywe na Windows pia, ongeza safu iwe 256, na kabla ya kusafisha mstari hakikisha ulifika mwisho wake:

```
if (strchr(mstari, '\n') == NULL && !feof(faili)) {
    fprintf(stderr, "Mstari wa %d ni mrefu mno\n", namba);
    return 1;
}
```

Ukaguzi huu lazima utangulie strcspn, kwa kuwa strcspn ikishapita, `\n` haipo tena na kila mstari utaonekana umekatika.

Mwanzisha uzi

Nimeweka 256 pamoja na ukaguzi huo, na fanksheni moja ya kusafisha inayopitiwa na faili na kibodi kwa pamoja. Maneno yote 430 yanatambuliwa kwenye kompyuta zote mbili, "ng'ombe" linakubali kwa vibainishi vyote vinne, na "sha" halimo. Nimeongeza pia faili dogo la majaribio lenye mistari sita: mmoja unaishia kwa `\r\n`, mmoja kwa `\n`, mmoja mtupu, mmoja wenye kibainishi kilichopinda, mmoja wa herufi 300, na wa mwisho usiofungwa kwa Enter. Programu ikisimama kwenye ule wa tano na kuutaja kwa namba yake, nikiuondoa ikaisoma mitano iliyobaki sawasawa, ndipo nampa mwenzangu toleo jipya.

Nimemwomba pia alihifadhi faili bila ile alama ya mwanzo. Amekubali, ila sehemu inayoiondoa nimeiacha ndani ya programu.